Wingu Ambalo Halikuwa Wingu

Usiku wa tatu ndio uliokuwa wa mwisho. Siku mbili za kwanza nilizokaa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, zilipita kwa theluji nyepesi na mawingu mazito yaliyoufunika mji mzima, na asubuhi ya siku ya nne nilikuwa na ndege ya kuondoka. Mwenyeji wangu, kijana anayesoma chuo kikuu pale na ambaye huniita dada ingawa hatuna undugu wa damu, hakuonyesha wasiwasi. Saa tisa mchana alikuwa mezani na kompyuta yake, wala hakuwa akitazama utabiri wa aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku karibu na ncha za dunia. Alikuwa anatazama ramani ya mawingu.

"Mdogo wangu, mbona huangalii Kp?" nilimuuliza.

"Kp baadaye, dada. Kwanza tutafute tundu."

Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa nikiifuatilia namba hiyo ya Kp kwenye simu, asubuhi na jioni, kama mtu anayefuatilia homa ya mgonjwa. Kipimo kinaanzia 0 hadi 9, na siku ile kilisoma 2. Moyo ulikuwa umeshavunjika. Ndipo aliponieleza jambo ambalo lingeniokoa wiki nzima ya mashaka kama ningelijua mapema: Kp ni hesabu ya msukosuko wa sumaku ya dunia, ya saa tatu tatu kwa dunia nzima, na inachoeleza zaidi ni umbali ambao aurora inaweza kusogea kutoka maeneo ya ncha kwenda kwa watu wa kusini. Tromsø iko kwenye latitudo ya karibu nyuzi 70 kaskazini. Ile pete ya aurora inayozunguka ncha ya sumaku ya dunia hukaa juu ya vichwa vya watu wa huko hata siku tulivu. Namba 1 au 2 inawatosha. Anayehitaji 8 au 9 ni mtu wa Italia au Hispania, kama ilivyotokea kwenye ile dhoruba kubwa ya Mei 2024.

Kinachowanyima watu wa Tromsø ni wingu. Aurora huanza kuwaka kilomita 100 hivi juu ya ardhi, na mawingu hukaa chini ya hapo kwa mbali sana. Inaweza kucheza usiku kucha huko juu na wewe uliye chini ukarudi kulala ukidhani hakikutokea kitu. Kwa hiyo wawindaji wa kule wanapoingia kwenye gari, kwa kweli wanakwenda kuwinda tundu la anga. Aurora itakuja au haitakuja kwa hiari yake.

Tundu lilikuwa ng'ambo ya mpaka, Ufini. Sababu yake ni nzuri kuijua, maana hurudia majira ya baridi yote. Bahari ya pwani ya Norwe haigandi, inapashwa na mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki, na unyevu wake ukipanda kukutana na milima hugeuka wingu na theluji. Milima ya Lyngen inauchukua sehemu kubwa ya unyevu huo. Ukishaipita na kuingia bonde la Skibotn, hewa inakuwa kavu, na ndiyo maana hata chuo kikuu cha Tromsø kiliweka kituo chake cha kutazama nyota huko. Barabara ya E8 inakufikisha: unapita daraja, unashuka kusini hadi Nordkjosbotn, unageuka kuufuata ufukwe wa fyodi, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, hadi Skibotn, halafu unapanda nyikani kuelekea Kilpisjärvi.

Tuliondoka saa moja na nusu jioni. Tanki lilikuwa limejaa, matairi yana misumari ya barafu, na ndani ya gari vilikuwamo vizibao viwili vya kuakisi mwanga. Sheria ya Norwe inataka kizibao kiwemo, lakini mwenyeji wangu alisisitiza kimoja kwa kila mtu, kwa sababu usiku watu husahau kuwa wapo barabarani pindi anga linapowaka. Alinieleza pia kwamba hatutasimama popote nitakapopiga kelele. Tutasimama kwenye maegesho tu. Nilikubali, na baadaye nikaona kwa macho yangu kwa nini: baada ya kona moja kulikuwa na gari lililozimwa taa, nusu yake ikiwa barabarani, na watu wawili wenye makoti meusi katikati ya lami wakitazama juu. Kilomita chache mbele tukakuta reindia watano, wale wanyama wenye pembe wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, wakivuka bila haraka. Barabara ya barafu haitaki dereva anayetazama nyota.

Njia nzima hadi Skibotn lilikuwa wingu. Sikusema kitu, ila nilikuwa nikihesabu kilomita kwa uchungu. Tulipoanza kupanda bonde, kipimajoto cha gari kikaanza kushuka: nyuzi 4 chini ya sifuri, 9, 15. Kisha nikaona nyota moja kwenye kioo cha mbele, halafu tatu, halafu zikawa hazihesabiki. Tulivuka mpaka bila kusimama. Simu yangu ikaruka saa moja mbele, maana Ufini iko saa moja mbele ya Norwe, na kipimajoto kilisoma nyuzi 22 chini ya sifuri.

Tuliegesha pembeni mwa ziwa la Kilpisjärvi. Mwezi Machi ziwa hilo bado limeganda kabisa, pikipiki za theluji hupita juu yake, na tukafuata alama zao hatua chache tu kutoka ufukweni. Mbele yetu ulisimama mlima Saana, mweupe, mpweke, wenye urefu wa mita 1,029. Mwenyeji wangu alizima taa yake ya kichwani na kuniomba nizime yangu. Jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea giza vizuri, na mwanga mmoja mweupe unairudisha kazi yote mwanzo. Taa nyekundu ndiyo inayovumilika.

Nilisimika stendi ya kamera. Nilikuwa nimeshaambiwa nisiguse chuma kwa mkono mtupu katika baridi ile, nami nilivaa glavu nyembamba ndani ya glavu nene, kwa hiyo vidole vilifanya kazi. Niliweka lenzi pana ya milimita 16, uwazi wa f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200, shata iachwe wazi sekunde 10. Hayo nilikuwa nimeyakariri. Fokasi, yaani ukali wa picha, nikaizungusha hadi kwenye ile alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi, nikaona nimemaliza. Nikaelekeza kamera kaskazini kabisa, kwa sababu jina lenyewe si ni mianga ya kaskazini?

Tukangoja. Kaskazini kulikuwa kweusi. Nyuma yetu, upande wa kusini, kulikuwa na ukanda wa wingu jembamba la kijivu, limelala kutoka mlima hadi mlima. Niliutazama kwa hofu. Baada ya dakika ishirini nikasema kwa sauti kile kilichokuwa kikinisumbua: "Wingu linatufuata. Tumekuja hadi huku na linatufuata."

Kijana aligeuka, akatazama kidogo.

"Dada, lile si wingu."

Sikumwamini. Lilikuwa na rangi ya majivu, halina haraka, halina kingo. Akaniambia nitazame nyota zilizo nyuma yake. Zilikuwa zinaonekana, zote, hadi zile ndogo. Wingu la unene ule lingezifuta. Kisha akasema, "Ligeuzie kamera." Niligeuza, nikabonyeza, nikahesabu sekunde kumi. Picha iliyotokea kwenye skrini ilikuwa na tao la kijani kibichi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Dakika ishirini nzima nilikuwa nimeipa aurora mgongo, na nilipoitazama niliiogopa nikidhani ni wingu.

Jambo hili watu hawaambiwi vya kutosha, nami nataka kulisema kwa kirefu. Picha tulizozizoea zinatufundisha kungojea rangi. Lakini jicho la binadamu katika giza hutumia chembe za kuona ambazo hazitambui rangi. Aurora iliyo hafifu huionyesha kama ukungu wa kijivu. Kamera haina udhaifu huo, inakusanya mwanga sekunde kumi na kuurundika mahali pamoja. Mgeni anayengoja kijani cha kwenye kalenda anaweza kusimama chini ya aurora halisi saa nzima na asijue. Kipimo cha kwanza ni nyota: zikipenya, shuku. Cha pili ni kamera, hata ya simu. Wingu lililomulikwa na taa za kijiji hutoka kwenye picha na rangi ya udongo au machungwa, na aurora hutoka kijani. Na habari ya kutazama kaskazini pekee ni ushauri wa watu walio kusini ya ile pete. Ukiwa chini yake, inaweza kuanzia popote, na ikichangamka husogea kusini, nyuma ya mgongo wako.

Saa tano kasorobo kwa saa ya Norwe, kijana aliitoa simu yake na kunionyesha mstari uliokuwa umeshuka chini ya sifuri. Huo ni Bz, kipimo cha upande ambao uga wa sumaku unaobebwa na upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, umeelekea. Ukielekea kaskazini, sumaku ya dunia inauzuia. Ukielekea kusini, mlango unafunguka. Kipimo hicho hutoka kwenye vyombo vilivyowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua. Upepo ulikuwa ukienda kilomita 450 kwa sekunde, kwa hiyo kile kilichosomwa kule kingetufikia baada ya takriban dakika 55. Mstari ulikuwa umeshuka tangu dakika arobaini zilizopita.

"Jiandae," aliniambia.

Ningepaswa kuitumia robo saa ile kukagua fokasi. Niliitumia kunywa chai.

Lile tao la kijivu likaanza kuwa na ukingo. Ukingo wa chini ukang'aa, ukawa wa kijani hata kwa macho, kisha kitu fulani kikalipita kutoka mashariki kwenda magharibi kwa kasi ambayo sikuwa nimeitarajia kabisa. Tao likakatika. Mapazia yakaning'inia, yakakunjana, yakapanda hadi utosini mwa anga, na pale juu miale yote ikaonekana kutoka nukta moja na kumwagika pande zote. Wataalamu huita umbo hilo korona. Miale yenyewe inashuka sambamba ikifuata mistari ya sumaku, ni macho yetu yanayoiona ikikutana, kama reli mbili zinavyoonekana kukutana kwa mbali. Ukingo wa chini ulipita na utepe wa waridi, ambao ni kazi ya naitrojeni. Theluji juu ya ziwa iligeuka kijani. Niliona kivuli changu.

Sikupiga kelele. Kijana alikuwa amenieleza njiani kwamba Wasami wa kale waliamini mtu hapaswi kuupigia mluzi mwanga huu, wanaouita guovssahas, usije ukashuka na kumchukua. Si imani yangu, lakini pale nilielewa kwa nini watu walionyamaza walinyamaza.

Nilikuwa nikibonyeza shata bila kutazama. Kilele kile kilidumu kama dakika nne. Kilipopungua nilikuza picha kwenye skrini, na nyota zote zilikuwa vidoa vinene vyenye ukungu. Picha ishirini na moja, zote nje ya fokasi. Ile alama iliyochorwa kwenye lenzi ilikuwa karibu na ukweli bila kuwa ukweli wenyewe. Lenzi nyingi za kisasa huzunguka kupita alama hiyo, na chuma na kioo hujikunyata katika baridi. Kosa la pili lilikuwa la sekunde: nilibaki na 10 wakati mwanga ulikuwa umeongezeka mara nyingi, kwa hiyo mapazia yaliyokuwa yakikimbia yalichanganyika kuwa bonge moja la kijani lililoungua katikati, lisilo na mkunjo hata mmoja.

Yaliniuma. Kijana hakunifariji kwa maneno. Alinielekeza kwenye nyota ya Vega, iliyokuwa iking'aa kaskazini mashariki juu ya Saana. Nikaikuza kwenye skrini mara kumi, nikazungusha lenzi taratibu hadi ikawa nukta ndogo kuliko zote, nikaifunga pete ya fokasi kwa kipande cha gundi ya karatasi. Nikazima kitulizi cha lenzi, ambacho juu ya stendi kinaweza kuleta mtikisiko badala ya kuuzuia. Nikaondoa pia kile kioo cha kinga nilichokuwa nimekisahau mbele ya lenzi. Kwa sababu mwanga wa kijani wa aurora ni wa rangi moja tu, ukirudi-rudi kati ya vioo huchora duara ndani ya duara katikati ya picha, na hakuna programu inayoyafuta vizuri. Shata nikaishusha hadi sekunde 2. Na tangu hapo nilikagua grafu ya mwanga badala ya kuiamini skrini, maana gizani skrini hung'aa na kukufanya udhani picha ina mwanga wa kutosha.

Betri ilikuwa imeshuka kutoka kujaa hadi nyekundu chini ya saa moja. Niliibadilisha na ile iliyokuwa ndani ya koti karibu na mwili, na ile ya kwanza baada ya kupata joto kifuani ilirudi kufanya kazi. Kioo cha mbele nilikitia ukungu mwenyewe kwa kupumulia karibu mno, na ukungu ule uliganda papo hapo. Ukiupangusa unaupaka tu. Tulifunga vifuko viwili vya kupasha mikono joto kuizunguka lenzi kwa mpira, ukayeyuka.

Nikiwa nangoja hapo nilimfikiria mtu mmoja. Picha za kwanza za aurora zinazojulikana zilipigwa na Mjerumani Martin Brendel mwaka 1892 huko Bossekop, Alta, kaskazini mwa Norwe, kwa vioo vya kemikali na mwanga hafifu kuliko subira ya mtu. Kuanzia 1910 Carl Størmer, mwanahisabati Mnorwe, akaweka kamera mahali pawili, wapiga picha wakiunganishwa kwa simu ili wabonyeze kwa wakati mmoja, na kwa kulinganisha nyota zilizo nyuma ya mwanga akapata urefu wake angani. Nyota zake zilibidi ziwe kali. Zingekuwa vidoa kama zangu, asingepima chochote.

Awamu ya pili ilikuja saa saba kasoro. Haikuwa kubwa kama ya kwanza. Nilipiga picha kumi na sita, na mikunjo ya mapazia ilionekana mmoja mmoja. Katika nne kati yake kuna wekundu juu kabisa ambao mimi sikuuona kwa macho. Ni oksijeni ileile itoayo kijani, ila huko juu ya kilomita 200 hewa ni adimu. Atomu inahitaji karibu dakika mbili kuuachia mwanga mwekundu, na chini zaidi ingeshagongwa na nyingine kabla haijafanya hivyo.

Baada ya hapo anga likajaa mabaka hafifu yaliyowaka na kuzimika, kila moja kwa mapigo yake, kama kwamba mtu anafungua na kufunga milango mingi kwa mbali. Hiyo ndiyo aurora ya mapigo, hufuata mara nyingi baada ya mlipuko. Watu wawili waliokuwa wameegesha karibu nasi walishaondoka mara tu zile dakika nne za kilele zilipopita, wakidhani imekwisha. Sisi tulilala chali juu ya barafu, migongo ikilindwa na zulia la mpira, hadi saa nane na nusu. Kamera haikuweza kuyashika mabaka yale. Shata ya sekunde kadhaa inajumlisha kuwaka na kuzimika na kukupa ukungu mtupu. Nililijaribu hilo kwa nusu saa kisha nikaliacha.

Kabla ya kurudi ndani ya gari lenye joto, kamera niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, nikautia ndani ya begi. Bila hivyo unyevu wa gari ungetua juu ya chuma kile cha baridi hadi ndani ya lenzi. Kadi ya picha niliitoa kwanza.

Karibu na Nordkjosbotn wingu lilitupokea tena. Kijana alikuwa amechoka, nami nilizungumza ili asisinzie. Kisha, kwenye maegesho ya pembezoni mwa fyodi, niliona juu ya mlima ukanda mwembamba wa kijivu, umelala kutoka upande hadi upande.

"Mdogo wangu, naomba usimame hapa."

Hakuuliza. Begi sikulifungua, nilitoa simu, nikaegemeza mkono juu ya paa la gari, nikabonyeza na kuhesabu. Picha ikatoka na rangi ya udongo, imemulikwa kwa chini na taa za kijiji, na hakuna nyota hata moja iliyopenya.

Lilikuwa wingu. Tukaendelea na safari.